Babu Hakuwa Mpole

Kwenye hitma ya arobaini kila aliyesimama alisema Babu alikuwa mtu mpole. Mpole! Wengi wao ni vijana waliomkuta uzeeni, ameshakaa barazani na bakora yake, anaitikia salamu za wapita njia wa Ngamiani, mtaani kwetu Tanga. Najua marehemu hutajwa kwa mazuri yake, na yake yalikuwa mengi. Ila Babu alikuwa mkali, na nikimwandika mpole nitakuwa nimemwandika babu wa watu wengine.

Ukali aliutoa kazini, au ndivyo ninavyomtetea. Alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa wafanyakazi, wa matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mzigo, bandarini enzi za mkonge. Wakati huo maji ya gatini Tanga yalikuwa machache, meli kubwa zikitia nanga nje, na mzigo ukipelekwa na kuletwa kwa matishari. Na mzigo ulikuwepo! Miaka ya mwanzo ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, hakuna nchi iliyoifikia duniani, na mwingi ulishuka kwa reli kutoka mashamba ya Korogwe na Muheza. Robota moja, yaani furushi la mkonge, kilo 250. Ikiwa inaning'inia juu ya vichwa vya watu huku tishari linapanda na kushuka na mawimbi, mwenye kusema taratibu huua mtu. Babu akapiga kelele ujana wake wote, akastaafu, sauti akaja nayo nyumbani. Akiagiza maji ya kunywa, jirani naye huinuka.

Bandari ilipochimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13 na meli zikaanza kufunga gatini, tulimpeleka akaone. Aliitazama meli kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na makuli wako wapi?" Mjomba akamweleza habari za mitambo. Akasema turudi nyumbani, jua kali.

Sasa nije kwa Mama, maana bila yeye habari ya Babu haijakamilika. Mama alimaliza darasa la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Babu akakataa. Sababu hakutoa, na baba wa siku zile akishakataa hukuwa na pa kwenda kulalamika. Wenzake wakaenda, yeye akabaki anasuka ukili mpaka alipoolewa.

Baba yangu alipofariki tukarudi kwa Babu, na mimi nikafaulu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Siku moja baada ya Alasiri aliniita barazani, akatoa noti kibindoni, zimekunjwa nyembamba kama sigara, akazihesabu mara mbili, akanipa, akaniamuru nizihesabu tena mbele yake. Ada yangu yote mpaka kidato cha sita ilipita njia hiyo, kwanza kutoka kwenye kiinua mgongo, kilipokwisha zikaanza nazi za shamba la Tongoni. Mababu wa wenzangu waliwatania wajukuu wa kike "mke wangu". Wangu aliniita Karani.

Ukarani wenyewe ulikuwa wa kweli. Macho yake yalipochoka nilimwandikia barua, nikamsomea risiti, nikamtunzia daftari la wadaiwa wa nazi. Malipo yangu yalikuwa baiskeli. Tanga huendi popote bila baiskeli, na yangu ilikuwa Phoenix kuukuu aliyoirithi kwa mdogo wake. Kila Jumamosi aliigeuza miguu juu uani, akatoa tyubu, akaijaza upepo kidogo, akaizamisha kwenye beseni la maji akiizungusha polepole, mkono wa kushoto ukifuata nyuma ya wa kulia. Povu likitoka, alibonyeza pale kwa kidole gumba mpaka nilete msasa. Alisugua, akapaka solusheni, akaipuliza, akasubiri. Kusubiri huko ndiko kulikonishangaza. Mtu asiyeweza kungoja chai ipoe aliweza kukaa kimya akitazama gundi ikauke. Nikijaribu kumsemesha ananiambia, "Nyamaza, Karani, utaharibu kiraka."

Basi kwenye hitma, msemaji mmoja alipofika kwenye "hakupata kumdhulumu mtu", huku ndani kwa wanawake Mama aliguna. Mguno mrefu, wa kusikika. Shangazi akamfinya. Mama akasema amina pamoja na wengine, tena kwa sauti, kisha akaninong'oneza, "Hata shikamoo yangu aliitikia nusu tu, mwaka mzima ule alionikatalia shule." Bado alikuwa na machozi ya kumlilia, na siyo ya kuigiza.

Wiki hii wajomba wamekaa kikao cha mirathi. Madeni kwanza, ndivyo sheria ilivyo, kwa hiyo daftari langu limetoka sandukuni. Mwandiko wa mtoto, herufi zimelala upande. Mama aliniomba nimsomee lote, ukurasa kwa ukurasa, waliomdai na aliowadai. Nilipomaliza akauliza, "Mimi simo?" Nikamwambia hayumo. "Nilijua tu," akasema, akaniagiza nikamwite muuza samaki kabla hajavuka barabara.

Mjomba mkubwa anataka wadaiwa wafuatwe, Mjomba mdogo anataka wasamehewe ili Babu apate thawabu. Shangazi anasema wote wawili wanabishana juu ya nazi zilizokwishaliwa. Wadaiwa wawili wameshakuja wenyewe. Mmoja kalipa taslimu, mwingine kaleta nazi kumi na mbili, na Mjomba mkubwa amezihesabu mara mbili.