DVD mbili mbovu, harusi moja nzima

Kila niliyemwambia kwamba nataka kupanga video za ukoo wetu alinipa jibu lile lile: "Zigeuze zote MP4, umemaliza." Fundi wa kuhamisha kanda alisema hivyo. Kijana wa jirani anayesomea kompyuta alisema hivyo. Hata shemeji, ambaye simu yake mwenyewe humshinda, alisema hivyo tena kwa kujiamini. Leo mkusanyiko umekaa sawa, kuanzia VCD za miaka ya 2000 mpaka za simu za juzi, na sehemu kubwa sikuigeuza kuwa chochote.

Nianze na huyo fundi, maana bado ananikera. Nilimpelekea VCD ya mahafali ya madrasa ya kaka yangu, akanirudishia flashi yenye faili aliloliita "HD". VCD hubeba picha ya nukta 352 kwa 288, basi, hata uibembeleze vipi. Yeye aliivuta mpaka 1920 kwa 1080. Faili likawa kubwa mara kadhaa kuliko la mwanzo, na sura ya kaka ikalainika kiasi kwamba pua huoni inapoanzia. Juu ya hayo akamnenepesha, kwa kuwa picha ilikuwa ya TV za zamani, 4 kwa 3, naye kaitandaza ijaze kioo cha kisasa. Elfu kumi na tano hiyo, au ishirini, sikumbuki. Na kumbe ndani ya VCD mna folda inaitwa MPEGAV, na ndani yake faili AVSEQ01.DAT, ambalo VLC, programu ya bure ya kucheza video, inalicheza bila kuuliza swali. Unalinakili, unalipa jina la maana, unaendelea na maisha.

Hawa washauri wanachanganya kontena na mzigo. Aliyewahi kupita bandarini Dar anajua kwamba rangi ya kontena haikuambii kama ndani mna mitumba au matairi. MP4, AVI, MKV na MOV ni makontena. Mzigo ni picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani njia ya kubana na kufungua video: MPEG-2 kwenye DVD, H.264 kwenye simu na kamera nyingi, H.265 kwenye iPhone kuanzia 2017, na sauti nayo imebanwa kivyake. Ndiyo maana MP4 mbili zinaweza kukaa flashi moja, TV ya sebuleni ikaicheza moja vizuri na nyingine ikatoa watu wanaofungua midomo kimya. Na wale wanaofuta .avi mwishoni mwa jina wakaandika .mp4 wanapaka rangi kontena tu. Ukitaka kujua mzigo, fungua video kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J, kila kitu kimeandikwa pale.

Ukibana upya unatupa kitu ambacho hakirudi. Ukihamisha mzigo kutoka kontena moja kwenda jingine hutupi chochote, na kazi yenyewe hata chai haipoi. Mafaili ya MTS ya kamera ya baba mdogo niliyahamisha hivyo kwa FFmpeg, programu ya bure isiyo na madirisha wala vitufe, unaiandikia tu: ffmpeg -i kamera.mts -c copy kamera.mp4. Hilo "copy" ndilo lenye kazi yote.

Sasa harusi ya dada. Desemba 2011, Tanga. Mpiga picha alitengeneza DVD, akawapa upande wetu nakala moja na upande wa bwana harusi nakala moja. Yeye mwenyewe mafaili asilia alishayafuta zamani. Nakala yetu imekaa miaka kwenye droo pamoja na misumari, na ilionekana hivyo. Deki ilifika mpaka bibi harusi anashuka kwenye gari, ikaganda na mguu wa dada hewani. Nikijaribu kunakili kwenye Windows, inakwenda kidogo, inakohoa, inanitolea ujumbe wa makosa na kufuta hata kile ilichokwisha kukisoma. Niliambiwa niipake dawa ya meno. Niliipaka. DVD ikanukia vizuri, mguu ukabaki hewani.

Nikampigia simu mama mkwe wa dada.

"Shikamoo mama. Ile DVD ya harusi mnayo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo, lakini wajukuu walikuwa wanaitelezesha sakafuni. Unaitaka ya nini na haichezi?"

Ilikuja na basi, imefungwa ndani ya kanga. Kweli haikucheza: yenyewe iligoma mwanzoni kabisa, lakini ukiisogeza mbele ilionyesha keki na zawadi bila shida. Hapo ndipo nilipopata wazo. Mikwaruzo ya watoto wa Tanga na mikwaruzo ya misumari yetu haiwezi kuwa mahali pamoja.

Kuna programu ya Linux inaitwa ddrescue. Unawasha laptopu kwa Linux iliyo kwenye flashi, huna haja ya kugusa Windows yako. Yenyewe haisomi DVD kama video, inaisoma kipande kwa kipande, kila kipande baiti 2048, na DVD iliyojaa ina vipande zaidi ya milioni mbili. Ikikuta kibovu hailii, inaruka na kuchukua kwanza vyote vilivyo rahisi, halafu inarudi kuhangaika na vigumu. Raha yake iko kwenye faili dogo la ramani inaloliandika pembeni: sehemu iliyosomeka inawekewa alama ya jumlisha, iliyoshindikana alama ya kutoa. Ukizima, ukawasha kesho, inaendelea ilipoishia.

Kabla ya yote nilihakikisha DVD zile ni pacha kweli. Nilifungua folda ya VIDEO_TS kwenye kila moja nikalinganisha ukubwa wa kila faili mpaka baiti ya mwisho. Zingetofautiana hata kidogo, hesabu yote ingevurugika, maana vipande visingekaa namba zile zile. Zikalingana.

Nikaanza na yetu: ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map. Hiyo /dev/sr0 ndiyo kisomaji cha diski, iso ni nakala ya DVD nzima ndani ya faili moja, na -n inaiambia isihangaike sana na vigumu kwa mara ya kwanza. Ikakimbia, ikaanza kujikongoja, kisomaji cha laptopu kikapiga kelele ya kusaga kitu. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ramani ilikuwa na matundu mengi. Nikabeba DVD, ile iso na ile ramani mpaka ofisini, kwenye kompyuta ya mezani ya zamani ambayo kila mtu anasema itupwe, na kwenye amri nikabadilisha -n kuwa -r1, ili irudie vilivyoshindikana. Kisomaji chake kikasoma vipande ambavyo changu kilivikataa katakata! Visomaji havifanani, kimoja kinaona kile mwenzake hakioni. Kisha ikaja zamu ya DVD ya wakwe: nikaiweka, nikaandika amri ile ile, iso ile ile, ramani ile ile. ddrescue haikujua kwamba diski imebadilishwa. Ikaenda moja kwa moja kwenye matundu na kuyajaza, moja baada ya jingine, mimi nimekaa pale naangalia namba ya makosa ikishuka kama mtu anayeangalia penalti. Ilifika sifuri.

Nilipiga kelele. Mlinzi alikuja kuuliza kulikoni.

Iso ile VLC inaifungua kama DVD. Nikaitia kwenye programu ya MakeMKV nayo ikaunganisha zile VOB, mafaili ya video ya DVD, ambazo DVD huzikata zisizidi gigabaiti moja moja, zikawa MKV moja bila kubana upya. Mistari mistari inayotokea watu wakicheza muziki si uchakavu. Video za zamani zilirekodiwa nusu ya mistari kwa zamu, mara 50 kwa sekunde, kwa ajili ya TV zile za chogo. Bonyeza D kwenye VLC, inatulia. Mguu wa dada nao ukatua chini, baada ya miaka yote ile.

Majina ya mafaili: mwaka, mwezi, siku, halafu tukio. 2011-12-17_harusi-dada. Ukianza na mwaka, kompyuta inazipanga yenyewe. Tarehe nisiyoijua naweka sifuri, 1998-00-00, nayo inakaa karibu na wenzake. Tahadhari na za WhatsApp: VID-20180704-WA0011 inakuambia siku video ilipoingia kwenye simu hiyo, na huenda ilipigwa miaka mitatu nyuma. Tena WhatsApp inaibana video sana. Binamu yangu aliyeko Maskati sasa nimemfundisha kutuma kama hati, si kama video, inakuja nzima. Zake ni H.265 na laptopu yangu inazicheza kwa kigugumizi, kwa hiyo nimetengeneza nakala nyepesi za H.264 kwa HandBrake, programu ya kubana video upya, na kuziweka folda ya pili, "Za kutazama". Folda ya "Asili" haiguswi.

TV ya mama ilikuwa na mambo mawili. Flashi ilikataa faili la zaidi ya gigabaiti nne, kwa sababu iliumbwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na hapo ndipo mwisho wake. Ukiiumba exFAT, mpangilio mpya zaidi, inakubali, ila TV yake ya zamani haiijui exFAT, basi nikazikata video vipande viwili. Na zile zinazocheza bila sauti, usibane picha upya, badilisha sauti peke yake kwa FFmpeg ile ile: -c:v copy -c:a aac. Inatosha.

Diski ya nje ya terabaiti mbili ilinigharimu laki mbili na ushee, baada ya kubembeleza. Ya pili nimeipeleka Tanga kwa dada, kwa kuwa mwizi akiingia kwangu hatachukua moja akaniachia nyingine.

Zimebaki kanda za VHS. Deki nimeazima, ina sura ya kutafuna kanda, kwa hiyo niliijaribu kwanza na kanda ya mpira ambayo mtu alirekodi juu ya filamu ya Kihindi. Ilitoka salama. Jumamosi naiweka ya maulidi ya babu, na nimeshamwambia shemeji asije kunishauri.