Herufi K kwenye IST ya Mama: siku yangu kati ya bandari na kadi ya gari

Saa 11:15 alfajiri

Adhana ilikuwa haijaisha msikitini kwa jirani, simu ikalia. Mteja wangu wa Morogoro, mwalimu mstaafu. Ameagiza Toyota IST kutoka Japani kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, na tangu meli itie nanga juzi, usiku hapati usingizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari limeshuka?"

Nikamwambia limeshuka, liko yadi, na leo naanza makaratasi. Akauliza kama Ijumaa atakuwa nalo nyumbani. Sikumwahidi. Nina miaka 9 kwenye kazi hii ya kutoa magari bandari ya Dar es Salaam, na siku simtajii mteja mpaka karatasi zake zote nizione zimekaa mezani, zinasomana.

Saa 1:30 asubuhi

Daladala la Mbagala lilinishusha Bendera Tatu, nikamalizia kwa miguu. Mezani kulikuwa na mafaili matatu ya kaki: IST ya mama, Noah ya bwana mmoja anayebeba wanafunzi, na Probox ya kijana wa duka la vipuri. Magari matatu, kila moja hatua yake.

Nilianza na la mama kwa kuwa ndilo jipya. Ndani mlikuwa na BL, yaani hati ya shehena ya meli. Cheti cha Japani kinachoonyesha gari limefutwa usajili kule ili lisafirishwe. Ankara ya muuzaji. Nakala ya NIDA, kitambulisho cha taifa, na ya TIN, namba ya mlipakodi. Nazisoma kwa rula. Naweka rula chini ya mstari, nasoma herufi moja moja kwa sauti ndogo, kisha naihamishia karatasi inayofuata. Namba ya chesisi ya gari la Japani ni fupi, haina zile tarakimu na herufi 17 za magari ya Ulaya; IST ya mama inaanza na NCP61, maana yake injini ni ya cc 1500. Ingekuwa NCP60 ni 1300. Tarakimu moja tu hapo ikikosewa, gari kwenye karatasi ni jingine kabisa.

Chesisi ilisomana kote. Jina halikusomana. BL na ankara ziliandika KHADIJA. NIDA na TIN zinasema HADIJA.

Wengi wakisikia hivi wanasema hiyo si kitu, mtu ni yuleyule. Kwa forodha, mtu ni yule aliyeandikwa. Jina la mpokeaji kwenye BL ndilo linaloingia kwenye manifesti ya meli, yaani orodha ya mizigo yake, na tamko la forodha ninaloandaa mimi, tunaloliita TANSAD, lazima likubaliane na manifesti hiyo. Upande mwingine, kadi ya gari inatoka kwa jina lililo kwenye TIN. Ukilazimisha yapite hivyohivyo, unamwachia mteja kadi ya jina moja na hati za kuingizia gari za jina jingine. Siku anauza, au siku gari limepata ajali na bima inadai nyaraka, ndipo K hiyo inapoinuka. Nimeshawaona wanaohangaikia jambo hilo miaka mitatu baada ya gari kutoka bandarini, aliyewatolea hapatikani, na simu yake haiiti.

Saa 2:40

Kwa wakala wa meli. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kaka wa dirishani alinisikiliza vizuri, akanitajia vinavyotakiwa: barua ya kuomba marekebisho yenye mhuri wa kampuni yetu, BL halisi, nakala ya NIDA, ada ya marekebisho, na uthibitisho wa maandishi kutoka kwa aliyepakia mzigo kule Japani kwamba mpokeaji ni huyu.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonipandisha presha. Japani wako mbele yetu kwa saa 6. Ikifika saa 5 asubuhi hapa Dar, kule ni saa 11 jioni na watu wanafunga ofisi. Ukikosa jibu kabla ya hapo, umepoteza siku nzima, na yadi ina siku zake za bure, zikiisha kila siku gari linapolala unalipia. Nilimwandikia muuzaji nikiwa nimesimama palepale kwenye korido, nikaambatisha picha ya NIDA, nikaomba mistari miwili tu yenye sahihi. Kisha nikakaa kwenye benchi na simu mkononi.

Jibu liliingia saa 4:20. Nilisimama kwa furaha mpaka dada aliyekaa pembeni yangu akauliza kuna nini.

Niliporudi dirishani kaka akapokea kila kitu, akasema ombi linatumwa, nisubiri. Hapo mwenye haraka hana la kufanya. Nikaenda kwenye Noah.

Saa 5:10

Ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango. Tangu 2021 magari yaliyotumika yanakaguliwa yakishafika hapa. Kwangu mimi ni jambo la heri, maana mteja anajua hali ya gari wakati liko mbele ya macho yetu.

Kabla fundi hajaligusa, nilifungua boneti. Kwenye ukuta wa injini kuna kibati kidogo kilichopigiliwa, na juu yake namba ya chesisi. Safari ya baharini inakiachia vumbi lenye chumvi, likikauka linakuwa gumu. Nikatia maji ya chupa kwenye kitambaa, nikasugua polepole kuelekea upande mmoja mpaka tarakimu zikaanza kujitokeza, 7 iliyodhaniwa 1 ikaonyesha mkono wake. Nikapiga picha tatu. Picha hizo zinabaki kwenye faili hata gari likishaondoka. Zimeniokoa zaidi ya mara moja.

Breki zilipita, taa zilipita, moshi ulipita. Tairi la nyuma kushoto likakataa: lilikuwa na nyufa ubavuni, nyembamba kama nywele, usizoziona mpaka uinamishe kichwa. Mwenye gari alisononeka, akasema linaonekana jipya. Ni kweli, kashata zake, yale meno ya mpira, bado nzima, lakini mpira umezeeka kwa kukaa. Nikamwambia, kaka, wewe unabeba watoto wa watu. Akanyamaza, kisha akauliza tairi jipya ni shilingi ngapi. Litafungwa kesho asubuhi, gari lirudi kukaguliwa.

Yadi ilikuwa imejaa. Robo tatu ya safu niliyopita yalikuwa magari ya IT, yanayopita tu kwenda Zambia, Kongo na Malawi. Madereva wake walikuwa kivulini wakisubiri hati, begi dogo kila mtu, safari ya Tunduma au Kasumulu mpakani mbele yao.

Saa 7:00 mchana

Mama akapiga tena. Nilikuwa nimemtumia makadirio ya kodi.

"Mwanangu, hii si ndiyo bei ya gari lenyewe?"

Swali hili naulizwa kila wiki, na sitaki kulijibu kwa haraka, kwa sababu anayeuliza ni mtu aliyehesabu pesa yake kwa miaka. Nilimpigia hesabu ya kila milioni moja ya thamani. Thamani yenyewe si lazima iwe ile aliyomlipa muuzaji. TRA, Mamlaka ya Mapato, ina kumbukumbu zake za thamani za magari yaliyotumika, na hizo ndizo zinazotumika. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni 250,000. Sasa unakuwa na 1,250,000, na juu yake ndipo unapotozwa ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini iliyozidi 1000 mpaka 2000: 62,500. Halafu uchakavu, kwa kuwa gari limezidi miaka 10, asilimia 30 ya ile 1,250,000: shilingi 375,000. Unajumlisha vyote, unafika 1,687,500, VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hapo: 303,750. Kwa hiyo kila milioni inavuta 991,250, na bado kuna tozo ya reli, ada za forodha na za usajili.

Alikaa kimya muda. Akasema, "Hapo kwenye uchakavu ndipo panaponiuma."

Panapouma ni hapo kweli. Sababu yake naielewa. Kenya hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila tunalitoza ili watu wavutike na magari mapya zaidi. Lakini anayenunua gari la 2004 hanunui kwa kupenda ukuukuu, ananunua kwa kuwa ndilo analolimudu. Kila anayetaka kuagiza naomba afanye jambo moja: kikokotoo cha kodi kipo kwenye tovuti ya TRA, bure, unaweka aina ya gari na mwaka wa kutengenezwa unapata jibu. Kitazame kabla hujamtumia muuzaji hata senti. Na uweke mwaka wa kutengenezwa, maana cheti cha Japani kinaonyesha tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, na hizo mbili zinaweza kupishana.

Saa 8:30

Wali maharage kwa mama ntilie, dakika kumi na tano, kisha benki.

Saa 9:45 alasiri

Probox. Hii ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda. Kodi zote zilishalipwa kwa namba ya malipo, gari limesajiliwa, kilichobaki ni kadi. Kijana alikuwa ananisubiri nje, shati limepigwa pasi.

Nilimpa kadi nikamwambia asome kila mstari kabla hatujaondoka hata hatua moja. Jina. Chesisi. Namba ya injini. Rangi. Mwaka. Matumizi. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili, na akirudia namba ya chesisi mimi nilikuwa nafuatisha kwenye picha ya kibati. Yote sawa. Tukaenda kwa mtengenezaji wa vibao: vya kwake njano, kwa sababu gari ni binafsi, ile Noah itapata vyeupe kwa kuwa ni ya biashara. Skrubu nne. Alipomaliza kufunga, kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, akaliangalia gari lake likiwa na namba ambayo herufi zake za mwisho zinaanza na E, akapiga picha, akamtumia mtu. Sikumuuliza nani.

Saa 11:35 jioni

Nilikuwa nafunga droo ujumbe ulipoingia: manifesti imerekebishwa. Nikafungua mfumo kuhakikisha kwa macho yangu. HADIJA. Kesho saa 2 asubuhi naingiza TANSAD.

Nikampigia mama. Alifurahi, akashukuru mara tatu. Kisha nikamuuliza, kwa upole, ile K ilitokea wapi, kwa sababu nilitaka kujua kama muuzaji ndiye aliyekosea.

"Niliiandika mwenyewe," akasema. "Siku naagiza gari, nilijaza jina langu alivyoliandika baba kwenye msahafu wake. Alikuwa anaweka K. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyeitoa, akasema niandike ninavyotamka, na tangu hapo vyeti vyote vikafuata." Akanyamaza kidogo. "Gari la kwanza maishani, mwanangu. Nikaona niliandike kwa jina la baba."

Nikamwambia gari litakuwa lake kwa jina lolote, ila kadi itasema Hadija.

"Ni sawa," akasema. "Basi Jumamosi?"

"Tairi na breki zikipita TBS, mama, nitakupigia."