Kadi za "spring": kumbukumbu ya kamusi yangu ya Kiswahili na Kifini

Machi 2

Mradi huu umeanza na springi ya stendi ya baiskeli. Ya mwanangu ilikatika, nikaenda kutafuta nyingine dukani hapa Tampere, Ufini. Jina lake kwa Kifini sikulijua, nikaandika "spring" kwenye programu ya tafsiri ya simu, nayo ikanijibu *kevät*. Basi nikamwambia muuzaji, mama wa makamo, "Tarvitsen kevään." Kumbe nimemwambia nahitaji majira ya kuchipua. Nje theluji bado imefika magotini. Yule mama hakucheka. Aliniuliza ni ya kitu gani, akachukua kalamu, akachora waya uliojisokota nyuma ya karatasi ya risiti na chini yake akaandika *jousi*. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, ndiyo kadi yangu ya kwanza.

Kiingereza kimeweka katika neno moja vitu ambavyo Kifini kinavitenga, na Kiswahili vilevile kinavitenga. Nimeamua kulimaliza neno hili lote: kila maana na kadi yake, mchoro wake na sentensi yake.

Machi 8

Chimbuko la neno ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, *springan*, kuruka au kuchomoza kwa nguvu. Ukishika hapo, mengine yanafuata: maji yanachomoza ardhini, majani yanachomoza mitini, waya uliobanwa unaruka kurudi ulikokuwa. Kwa Mwingereza ni tendo moja lenye sura nyingi. Mfini hakupita njia hiyo. Maji kwake ni *lähde*, majira ni *kevät*, waya ni *jousi*, na hayana undugu hata kidogo.

Ila *jousi* lina jambo lake. Ndilo pia upinde wa kurushia mishale, na ndilo upinde wa kupigia fidla. Springi ya baiskeli na upinde wa mwindaji, neno moja! Nilipokunja kipande cha waya mkononi nikaelewa: vyote viwili hupindwa, hushika nguvu, hurudi. Kadi hii nimeichora upande mmoja springi, upande wa pili upinde na mshale.

Machi 15

Wiki nzima imeishia kwenye *lähde*. Nilikuta *lähteen* katika kitabu cha shule cha mwanangu, nikaitafuta kwenye kamusi, haipo. Baadaye ndipo nikajua kwamba *d* ya umbo la kamusi hugeuka *t* neno linapobeba viambishi. Kwa hiyo tangu leo kila nomino naiandika kwa sura mbili: *lähde, lähteen*, *jousi, jousen*, *kevät, kevään*. Kadi zote za nyuma nimezirudia kwa mkono.

Neno hili limetokana na *lähteä*, kuondoka. Yaani chemchemi kwa Mfini ni mahali maji yanapoanzia safari. Mimi nikisikia "chemchemi" nasikia kuchemka, maji yanayobubujika yakipiga mapovu. Wao wanayaona maji yakienda zake, sisi tunayasikia yakitoka. Na kwa sababu ni mwanzo wa safari, *lähde* ni pia chanzo cha habari, hata kitabu unachokitaja mwishoni mwa makala. Hapo kadi ya chemchemi imezaa kadi ya chanzo.

Machi 29

Leo nimefurahi kuliko siku zote za mradi huu. Kiingereza husema "spring" pia kwa mtego unapofanya kazi. Nikatafuta Kifini chake: *ansa laukesi*. Kitenzi ni *laueta*, na kwa wakati uliopo ni *laukeaa*, ile *k* hupotea na kurudi. Nikaangalia kinatumika wapi kwingine, nikakuta bunduki: *ase laukesi*, silaha imefyatuka. Nikaweka kalamu chini. Mtego umefyatuka, bunduki imefyatuka! Kiswahili kina neno lilelile kwa vitu vilevile viwili. Wiki zote hizi nilikuwa napitia Kiingereza kufika Kifini, kumbe hapa "fyatuka" na *laueta* walikuwa wanatazamana uso kwa uso.

Kwa mtu anayeinuka ghafla kitini nimeandika *ponnahtaa*, kukurupuka, na kwa kuruka kwa kawaida *hypätä*. Hayo hayakunisumbua.

Aprili 12

Kadi ya *kevät* imenichosha. Kwanza niliandika "masika", maana miezi ni ileile, Machi hadi Mei. Nimeifuta. Masika ni mvua, ni matope, ni jembe shambani. Hapa *kevät* huhesabiwa kwa baridi inavyopungua: wastani wa joto la siku ukipanda juu ya sifuri na kabla haujavuka nyuzi 10. Nimeandika "majira ya kuchipua", nikaongeza kadi ndogo ya *takatalvi*, baridi inayorudi wakati watu wameshaweka makoti kabatini. Leo asubuhi imerudi kweli, barafu imefunika kiti cha baiskeli.

Maneno ya jikoni yamekwenda haraka: *kevätsipuli* ni vitunguu vya majani, *lähdevesi* ni maji ya chemchemi, na kutoka chumbani *jousipatja*, godoro la springi.

Aprili 26

Nimebadilisha mpango mzima. Neno "spring" nimelitoa juu ya kadi. Vidahizo, yaani maneno yanayoongoza kadi, sasa ni vya Kiswahili: springi, upinde, chemchemi, chanzo, majira ya kuchipua, fyatuka, kurupuka, ruka. Kiingereza nimekisogeza pembeni kwa herufi ndogo, kwa anayekihitaji.

Kuna deni ninalolihisi hapa. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kopasi ya Kiswahili, yaani mkusanyo wa matini kwenye kompyuta, yenye maneno yapata milioni 25, na Profesa Arvi Hurskainen alitumia miaka mingi kuifundisha kompyuta sarufi yetu. Wafini wametusoma kwa bidii kiasi hicho. Nasi tunaoishi hapa tunastahili kuingia katika Kifini kwa mlango wetu wenyewe, tusilazimike kuzungukia kwa jirani.

Mei 3

Kadi 14 zimo kwenye boksi la viatu. Mwanangu amechora za *hypätä* na *kevät*. Kwenye *kevät* amechora dimbwi la maji na buti jekundu, na sijaigusa.

Neno linalofuata ni "draw". Nimeshaandika *piirtää* kwa kuchora, *vetää* kwa kuvuta, *tasapeli* kwa sare ya mpira, na *nostaa* kwa kuteka maji kisimani. Hilo *nostaa* nimeliona pia benki, kwa kutoa pesa, kwa hiyo kesho naanzia hapo.