Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na mlango mmoja

Saa 2 asubuhi niko kwa mteja. Mlango wa chumbani haufungi, kona ya juu upande wa kitasa inabana kwenye fremu mpaka rangi imebanduka, chini nako unaburuza, ushachora nusu duara sakafuni. Mama mwenye nyumba ananiambia fundi piga randa tu yaishe. Nikamwambia mama subiri kwanza, maana ukiangalia ubavuni unaona kabisa ushapigwa randa na fundi aliyepita na bado unabana vilevile.

Saa 3 nimeshika kitasa nikaunyanyua mlango kidogo, bawaba ya juu ikacheza. Basi nikajua. Kuweka bisibisi, skrubu inazunguka tu haing'ati, tundu limeshakuwa pana, na skrubu zenyewe vifupi vya milimita 20, sijui nani aliona vinatosha kubeba mlango wa mbao nzima.

Saa 4 kuushusha. Nikapiga kabari chini ubebe uzito, nikafungua bawaba ya chini kwanza, ya juu mwisho, ukianza na ya juu mlango unakulalia. Kwenye matundu nikajaza njiti za kiberiti nilizokata vichwa, nimezichovya gundi ya mbao, nikazigongelea mpaka zikajaa kabisa halafu nikakata zilizochomoza kwa patasi. Halafu hapo unakaa, gundi haina haraka na mtu, mama anapita anakuangalia umekaa tu anadhani unavuta muda.

Saa 8 mchana nimeupandisha na skrubu za milimita 40, sakafu haiguswi tena. Furaha ya dakika moja, kitasa kikagoma! Nikapaka chaki kwenye ulimi wa kitasa, nikafunga, kufungua alama ya chaki iko milimita 4 juu ya tundu la lile bati la kwenye fremu. Kumbe yule fundi aliyepita, mlango ulivyoshuka na yeye akalishusha bati liufuate, yaani kahamisha kila kitu isipokuwa bawaba. Nikaling'oa, nikachonga na patasi, nikalirudisha juu, matundu ya zamani nikayaziba.

Saa 10 namaliza. Upande wa bawaba nafasi milimita 3 kuanzia juu mpaka chini, safi. Ila pale kwenye kona yule fundi alipokula na randa pamebaki wazi kama milimita 6, nikamwambia mama ukweli, naweza kubandika kipande cha mbao au tuache, akasema acha. Nikapaka vanishi ule ubavu uliochongwa maana yule fundi aliuacha mtupu, mbao tupu inakunywa unyevu, mvua zikianza inavimba na ugomvi unarudi.

Saa 11 nakusanya vyombo, randa haijatoka hata kwenye begi, na mama ananiita nikaangalie mlango wa choo.