Makaa kutoka kwenye maganda ya matoke

Katika masoko ya Kampala, Owino au Nakawa, maganda ya matoke hayakosi. Yakirundikana na kuoza ndani kwa ndani hutoa methani, gesi inayopasha hewa ya dunia joto. Yakichomwa kwa hewa kidogo hutoa makaa, na hakuna mti uliokatwa.

Kemia yake ni joto bila oksijeni ya kutosha: kwenye nyuzijoto 300 hadi 500 za Selsiasi selulosi, kitu kinachojenga kuta za seli za mmea, huvunjika, gesi hutoka, kaboni hubaki. Anika maganda hadi yavunjike mkononi, la sivyo joto lote litaishia kukausha maji. Jaza pipa la lita 200 lenye matundu machache chini, kisha washa. Moshi mweupe mzito ni mvuke. Ukiwa mwembamba wa samawati, funika na uzibe matundu kwa udongo upesi. Ukichelewa, utafungua pipa la majivu. Liache lipoe usiku kucha, maana makaa yenye moto yakipata hewa huwaka upya.

Twanga, chekecha. Kwa kilo 10 za unga wa makaa, pika uji wa nusu kilo hadi kilo moja ya unga wa muhogo. Lazima uive, wanga mbichi haushiki. Wauzaji wengine huzidisha udongo ili mzani upande, na huo kwangu ni wizi. Changanya uji na unga wa makaa, finyanga vipande, anika juani siku tatu hadi tano.

Majivu yake ni mengi kuliko ya mkaa wa miti, ila yamejaa potasiamu: yarudishe kwenye migomba. Jikoni acha dirisha wazi, kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa yanayowaka, haina harufu.