Kuigeuza Emden iwe Königsberg: milimita nane na nusu za kukata

Boksi ni la modeli ya plastiki ya kuunganisha, limeandikwa SMS Emden, manowari ya Kijerumani ya zamani, la kampuni ya Revell, skeli 1/350 (meli halisi ni mara 350 ya modeli), na ndani kuna Emden kweli. Ila mi sikuitaka Emden. Nilitaka Königsberg, ile iliyoingia hapa bandarini Dar mwezi wa sita mwaka 1914, ikaenda kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, afu ikajificha delta ya Rufiji na kufia hukohuko. Boksi lenye jina hilo kwa bei ya mtu wa kawaida sijalipata, na hapa mjini hata hilo la Emden hulikuti dukani, zunguka Kariakoo yote utaishia kwenye magari ya rimoti. Langu limekuja kwenye begi la shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Ujerumani, limebanwa katikati ya nguo za watoto, na namshukuru Mungu halikupondeka.

Kuna jamaa yangu naye anajenga modeli, ye ni mtu wa ndege, akaniambia "Blaza, we si ubandike jina tu? Zote bomba tatu za moshi, zote mizinga kumi, nani atakaa ahesabu?" Na hoja anayo, simbishii. Emden na mwenzake Dresden zilichorwa kwa kufuata Königsberg. Mizinga ni ileile ya sentimita 10.5, na imepangwa vilevile, miwili bega kwa bega kwenye omo (mbele), miwili kwenye tezi (nyuma), na mitatu kila ubavu. Lakini Königsberg ilishushwa majini kule Kiel Desemba 1905 na Emden ikashushwa Danzig Mei 1908, na katikati hapo mainjinia waliinyoosha meli. Königsberg ina urefu wa mita 115.3, Emden mita 118.3. Kwahiyo mi nafanya kinyume chao, namchukua mdogo mtu namrudisha awe dada mkubwa.

Mita tatu gawa kwa 350 unapata milimita 8.57. Kwa kuisikia ni ndogo, sawa, ila modeli yenyewe nzima haifiki sentimita 34, na jicho likitazama meli ya zamani kwa ubavu kitu cha kwanza linachosoma ni nafasi kati ya bomba na bomba, na kati ya bomba la mwisho na mlingoti wa nyuma. Mizinga haitazamwi kwanza, wala boti. Ukiacha zile milimita nane na nusu, meli itakuwa na jina la Königsberg na umbo la Emden, na mtu anayezijua atakuona hata kama hatasema.

Upana nimeuacha. Mita 13.2 kwa 13.5, kwenye skeli hata milimita moja haifiki, na ukiugusa inabidi uguse sitaha yote na kila kinachokaa juu yake. Hiyo siigusi na sioni aibu.

Kitu kingine, kama unaweza kuchagua kati ya boksi la Emden na la Dresden, chukua la Emden. Watu wanadhani ni meli moja majina mawili, kumbe Dresden ilifungwa tabaini, injini inayozungushwa na mvuke kama feni, na ina propela nne, wakati Emden ilibaki na injini za pistoni na propela mbili kama Königsberg. Ukianza na Dresden unajiongezea kazi ya kufukua sehemu ya chini ya tezi bure.

Sasa kukata. Kwanza nilitafuta picha ya ubavu iliyopigwa moja kwa moja, sio ya pembeni pembeni, maana picha ya pembeni inadanganya urefu. Zipo nyingi mtandaoni, na kwa mambo ya enzi za Wajerumani huku kwetu kuna picha za Walther Dobbertin zilizo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, unaweza kupoteza usiku mzima humo. Nikaiprinti steshenari kwa saizi ya 1/350 kamili, yaani omo mpaka tezi sentimita 32.9, nikaiweka chini ya mwili wa modeli na kupiga mistari kwa penseli. Pale ndo unaona nini kinatakiwa kusogea.

Nimekata sehemu mbili, sikukata moja. Ukitoa milimita zote nane na nusu katikati kwa mkupuo mizinga miwili ya ubavuni inasogeleana mpaka inachekesha, kwahiyo kipande kimoja kimetoka mbele kidogo ya katikati na kingine nyuma yake, pale ambapo ubavu umenyooka, kwa sababu ukikata penye mkunjo vipande vikikutana vinaacha ngazi na hiyo ngazi utaipiga msasa mpaka uote sugu. Na msumeno. Mi natumia jino la msumeno wa chuma, lile la kawaida la dukani, limefungwa gundi ya karatasi upande mmoja ndo mpini. Lile jino linakula karibu milimita moja kila likipita, na mikato iko minne, sasa we piga hesabu, usipokata kwa ndani ya mstari utajikuta umetengeneza meli fupi kuliko zote Ujerumani waliyowahi kuwa nayo. Kata ndani ya mstari, malizia kwa msasa uliobandikwa kwenye kigae ili ubaki bapa. Sitaha nayo inakatwa palepale, lakini nimeipisha maungio yake yasiangukie juu ya maungio ya mwili, ili kimoja kimshike mwenzake.

Kuunganisha: ndani nimeweka vibao vya plastiki vinavyovuka maungio, plastiki yenyewe ni ya vikopo vya mtindi, vile vigumu vinavyovunjika ukivikunja, si vile vinavyolegea. Vile vigumu vingi ni polistirini, ndugu wa plastiki ya modeli, gundi ya modeli inaviyeyusha na vinashikana kabisa. Penye nafasi ndogo nimetia supaglu na kunyunyizia beking soda, inaganda hapohapo unaisikia joto, afu unapiga msasa haraka kabla haijawa jiwe.

Fila, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, nilipata Gerezani kwa fundi rangi wa magari. Nilienda na mwili wa meli mkononi, fundi akautazama akauliza "Kaka, hii ngalawa ya mtoto imegongwa na nini?" Nikamweleza, akacheka, afu akawa siriasi kuliko mimi, akanikorogea kijiko kimoja cha fila na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, kwenye kipande cha boksi na kunipakia mwenyewe. Kitu alichonifundisha pale ni kupaka nyembamba, unaacha ikauke unarudia, kwa sababu ile fila ikiganda inatoa joto na plastiki nyembamba kama hii inapinda. Hela alikataa. Akasema akipita baharini ataikumbuka.

Rangi ni habari nyingine kwa mji huu. Msimu wa mvua ukipulizia rangi ya kopo, unyevu unaingia na juu panakuwa na ukungu mweupe, kwahiyo napulizia kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, jua likiwa limekausha hewa, na umeme ukikatika feni ikazima ndo vizuri zaidi, vumbi halizunguki.

Mizinga ya kwenye boksi imenona mno. Kalibra 40 maana yake mtutu una urefu wa mara 40 ya tundu lake, yaani sentimita 10.5 mara 40, mita 4.2, na kwa skeli yetu ni milimita 12. Hapo sindano za sirinji za duka la dawa ndo mkombozi, zina unene unaofaa na tundu linakuja limeshatobolewa. Mwenye nafasi ya kufika Mombasa aende Fort Jesus akauone mzinga halisi wa Königsberg, na Pretoria kuna mwingine. Baada ya meli kufa Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi kule matopeni, wakaileta Dar na kuifungia magurudumu, afu wakapigana nayo nchi kavu. Ndo maana imetawanyika hivyo.

Kamba za milingoti nimetumia rasta. Uzi mmoja wa rasta ni mwembamba kuliko mshipi wowote niliouona Feri, na ukipitisha kwa mbali ncha ya kijiti cha udi kinachowaka, unajivuta wenyewe unakaza. Usiusogeze karibu sana, unakatika. Mama watoto alilikuta fungu lake limepungua, akaja mpaka mezani akainama akatazama, "We baba watoto, rasta zangu zinafanya nini kwenye manowari?" Nimeshanunua nyingine.

Swali lililonichelewesha kuliko msumeno ni hili, naijenga ya lini? Kuna Königsberg ya mwezi wa sita, safi, imetoka kwao na kapteni Max Looff, na kuna ya Rufiji. Nimechagua ya Rufiji. Kule walishusha ncha za milingoti na kufunga matawi ya miti juu ili isionekane kutoka baharini, mizinga midogo wakaipeleka kwenye kingo za mto. Injini zilikuwa zimeharibika, na vipuri vyake vilikokotwa na wapagazi kwa nchi kavu kutoka delta mpaka karakana za hapa Dar, vikatengenezwa, vikarudishwa njia ileile. Wewe fikiria ile njia, mimi nimepita Kibiti kwa basi tu na mvua imeshanishinda. Kwenye vitabu utakutana na jina la Looff kila ukurasa, waliovuta vile vyuma hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Kwahiyo meli yangu ina kutu, mabomba yamechakaa, na matawi ni vipande vya sponji ya kuoshea vyombo, ule upande wa kijani unaokwaruza, nimeukatakata nikaupaka rangi ya mikoko.

Mzee mmoja jirani yangu huku Mbagala, mtu wa Kibiti, alikuja kuazima ngazi akaikuta mezani. Nikamwamkia, akaitika huku macho yako kwenye meli, akahesabu mabomba kwa kidole, "Si manowari na bomba tatu hii?" Ndivyo watu wa huko walivyoiita, toka enzi hizo. Akakaa kabisa. Tukaongea habari za tarehe 11 Julai 1915, jinsi Waingereza walivyorudi mara ya pili na meli mbili bapa, Severn na Mersey, baada ya ile safari ya tarehe 6 kushindikana, na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuwaonyesha risasi zinaangukia wapi. Kitu alichokikataa ni matawi. Anasema mkoko hauna kijani cha kuiva namna hiyo, uko na vumbi vumbi, na kweli nilipotazama picha za delta nikaongeza kijivu.

Sasa nimebakiza boti na jina la nyuma, afu naingia Severn. Hiyo hata boksi sihitaji. Ilijengwa na Vickers kwa ajili ya Brazil, ya kazi za mtoni, ikachukuliwa na Uingereza vita ilipoanza 1914. Ni sanduku bapa la mita 81, kwa skeli kama sentimita 23, pande zimenyooka, linakaa juu juu ya maji na mizinga miwili ya inchi 6. Vikopo vya mtindi nimeshaanza kukusanya. Mwenye picha inayoonyesha vizuri sitaha ya nyuma anitumie tafadhali, za mbele ninazo za kutosha.