Weda za bei nafuu za kuvulia kwenye tyubu, jibu kwa dogo wa Mafinga

Mugonile wa Mbeya, kamwene wa Iringa.

Wiki iliyopita dogo, mtoto wa mama mdogo, yupo Mafinga anapiga kazi ya mbao, kanitumia voisi ndefu anasema kaka ukija mwezi wa sita niletee yale maovaroli ya mpira yanayopanda mpaka kifuani, yaani weda, nimeona picha umekaa kwenye tyubu katikati ya ziwa na mi nataka kwenda hivyo kwenye mabwawa ya huku Mufindi, ila usininunulie ya bei mbaya. Nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niandike hapa maana na mjomba kule Tukuyu aliwahi kuniuliza hivyohivyo, na kuna vijana wengine wa nyumbani wako huku ughaibuni wanataka kuanza uvuvi na hela zenyewe si unajua zina kazi, ada, kodi ya nyumba, mtu yuko hospitali, kwa hiyo kila dola lazima ijieleze.

Mi naishi Spokane, jimbo la Washington, huku magharibi ya Marekani. Usichanganye na Washington ya ikulu, hiyo iko mbali kabisa upande wa pili. Huku maziwa madogo ni mengi, mengine yanaganda barafu juu wakati wa baridi, na maziwa mengi ya samaki aina ya trauti yanafunguliwa kwa uvuvi Jumamosi ya nne ya mwezi wa nne, siku hiyo watu wanadamka usiku kama wanaenda mkesha. Wenye hela wana boti. Sisi wengine tuna tyubu. Siyo lile tyubu la lori tulilokuwa tunaogelea nalo, hii ina kiti, unakaa maji yanakufika kiunoni hivi, miguu inaning'inia majini, unavaa mapezi miguuni kama ya wapiga mbizi halafu unapiga miguu taratibu unaenda kinyumenyume, mikono inabaki huru kushika fimbo ya kuvulia. Inabebeka mgongoni. Inafika sehemu ambazo boti haifiki.

Sasa hapo kwenye miguu kuning'inia ndipo weda zinapoingia, na ndipo watu wanapokosea, mimi mmojawapo. Mtu anaenda dukani anauliza weda za kuvulia, anaonyeshwa za mtu anayesimama mtoni. Anayesimama mtoni anatembea, damu inazunguka, akichoka anatoka anakaa kwenye jiwe. We wa kwenye tyubu umekaa masaa matatu manne miguu iko ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka juzi, na maji yanachota joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo mahitaji ni tofauti kabisa na ukilijua hilo unaokoa hela nyingi, maana vitu vingi vinavyopandisha bei ya weda wewe huvihitaji.

Za kwanza kununua zilikuwa za nailoni iliyopakwa plastiki, dola 55, zina buti zimeunganishwa hukohuko chini. Nilifurahi, nikaona nimepata weda na buti kwa bei moja. Kufika ziwani mapezi hayaingii, buti ni nene mno, nikaazima mapezi makubwa ya kamba kwa mzee mmoja tuliyekuwa tunavua naye, yakaingia kwa shida, nikapiga miguu nusu saa misuli ya paja ikawaka moto maana lile buti zito unalinyanyua kila hatua ndani ya maji. Afu nailoni ile haipumui, nilitembea dakika kama 20 kutoka kwenye gari nimeshavaa, jasho likalowesha suruali ya ndani, nilipokaa kwenye maji lile jasho likawa baridi. Nilitetemeka mpaka nikashindwa kufunga ndoana. Nilitoka saa nne asubuhi wakati samaki ndo wanaanza kula, na kwa kweli iliniuma sana, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku ile.

Kwa hiyo dogo, la kwanza kuliko yote, chukua zenye soksi, siyo zenye buti. Yaani chini zinaishia na soksi ya neoprini, ule mpira laini kama sponji wanaotengenezea nguo za wapiga mbizi, unene milimita tatu au nne. Juu ya soksi unavaa kiatu chepesi chenye soli ngumu, vile viatu vya neoprini vya wapiga mbizi vinatosha, afu ndo pezi. Usivae pezi moja kwa moja juu ya soksi, mkanda wa pezi unasugua kisigino na ukiingia mchanga hapo kati ndo basi, soksi inatoboka ndani ya msimu mmoja. Hili la soksi ndilo lenye thamani kuliko jina lililoandikwa kifuani.

La pili ni kitambaa. Kuna neoprini mwili mzima, milimita tatu na nusu hivi ndo za kawaida, zinatunza joto sana na zinaelea kidogo, bei yake ya chini haitishi, ila ukitembea nazo juani unapikika. Na kuna zile zinazopumua, nyembamba, zinatoa mvuke wa jasho lakini haziingizi maji, zenyewe hazina joto lolote, joto unalivaa ndani. Zamani hizi zilikuwa za matajiri, siku hizi zipo mpaka za dola 100 na kitu zenye soksi, na mimi ndizo navaa sasa mwaka wa tatu. Wengi wa huku watakwambia kwa tyubu chukua neoprini tu, kwa maji ya mwezi wa tatu siwapingi. Lakini kwa wewe wa Mufindi nakwambia chukua zinazopumua, sababu ni kwamba huko asubuhi mwezi wa sita na wa saba kuna umande wa barafu kwenye chai, lakini saa sita jua linawaka, na utakuwa umetembea kutoka barabarani mpaka bwawani. Na joto la ndani unalipata kwa bei ya mtumba. Nenda sokoni Mafinga au siku ukiwa Mbeya pita Mwanjelwa, tafuta suruali za flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, na soksi za sufu, vaa mbili. Usivae jinzi wala pamba yoyote ndani, pamba ikishika jasho inakugeuka. Hela uliyookoa hapo ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya weda zenyewe.

Mifuko ya kifuani yenye zipu usiilipie, ukikaa kwenye tyubu mbele yako kuna kitambaa cha kuwekea kamba ya kuvulia kinafunika yote hayo. Magoti yaliyoongezwa kitambaa nayo ni ya mtu anayepiga magoti mtoni. We angalia makalio na pale kati ya mapaja, hapo ndo panasuguana na kiti na hapo ndo mishono inaachia kwa sababu unapiga miguu siku nzima. Ukizigeuza nje ndani uone utepe wa mishono umelala vizuri, haujavimba mapovu. Na kama unaweza pata zile ambazo mikanda ya mabega inashushwa zikawa za kiunoni, maana utakunywa chai asubuhi na haja ndogo itakuja, na kila mara itabidi upige miguu mpaka ukingoni, sasa ukifika huko uanze kuvua kila kitu mpaka kifuani ni shida hasa ukiwa na baridi.

Saizi. Hapa naomba unisikilize vizuri maana dukani watu wanapima wamesimama. Weda za tyubu zinapimwa umekaa. Kaa kwenye stuli, nyanyua goti mpaka karibu na kifua, nyoosha mguu, piga kama unaendesha baiskeli, ukiwa umevaa nguo zako zote za ndani. Zikikubana kwenye goti au katikati, mshono utakatika tu hata ziwe za dola 500. Zikiwa kubwa mno zinafanya mikunjo, mikunjo inasugua na inakokota maji unachoka. Soksi ikibana vidole navyo vinakufa ganzi, kwa hiyo acha nafasi ya soksi mbili.

Mkanda wa kiunoni. Weda nyingi zinakuja nao, watu wanaacha kwenye gari. Vaa, kaza, kila siku. Kuna imani kwamba weda zikijaa maji zinakuzamisha kama jiwe, hapana, maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuvuta chini, hatari ni kwamba ukishajaa huwezi kuogelea vizuri wala kujinyanyua kutoka, na baridi inakuingia yote kwa mpigo. Mkanda unachelewesha hayo. Kuna profesa wa Kanada, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, amefanya utafiti wa miaka mingi wa maji baridi na anafundisha hesabu ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 mikono na miguu bado inakutii, saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Hizo dakika kumi ndizo za kutoka. Kwa hiyo hela utakayookoa kwenye weda, nunua laifujaketi, na hapo sitanii dogo, bila laifujaketi sikuletei kitu, mama mdogo ataniuliza mimi.

Na tyubu usipeleke kila maji. Mabwawa ya kwenye chai kule Mufindi sawa, ukiwa umeomba ruhusa kwa wenye shamba na kuongea na afisa uvuvi. Mtera na Ruaha usithubutu, kuna mamba na kiboko na miguu yako ndo inaning'inia chini. Mto Kiwira nao siyo wa tyubu, unakimbia kwenye mawe, wa kusimama ukingoni tu. Mjomba aliniuliza kuhusu Ziwa Nyasa, nikamwambia karibu na midomo ya mito hapana kwa sababu hiyohiyo ya mamba, ingawa weda zenyewe zingempunguzia hatari ya kichocho kwa kuwa maji hayagusi ngozi ya miguu, ila mikono bado inalowa.

Zikitoboka usitupe. Zifunge juu, jaza upepo, paka maji ya sabuni uone mapovu, kama fundi pancha anavyofanya. Za kupumua unazigeuza unapuliza spiriti ndani, palipotoboka panaonyesha doa jeusi. Ila usipeleke kwa fundi baiskeli apake solusheni, ile inashika mpira wa tyubu, kwenye nailoni inabanduka. Ntakuletea gundi ya weda, unapaka unaacha usiku kucha. Ukitoka majini zianike kivulini, nje kwanza halafu geuza ndani, jua na kuzikunja zikiwa mbichi ndivyo vinaua weda kuliko miiba.

Sasa fanya hivi, mwambie shemeji akupime kwa ile futi ya fundi cherehani: kifua, kiuno, makalio, kutoka kati ya mapaja mpaka sakafuni, na namba ya kiatu. Halafu kaa kwenye stuli akupime tena kutoka kiunoni kuzunguka goti mpaka kisigino. Nitumie kabla ya tarehe 10 mwezi wa tano, kuna punguzo baada ya msimu kufunguliwa, na begi langu ni kilo 23, nimeshaacha nafasi ya kilo tatu zako.